Heramaya na Kizimba Kisicho na Mlango

BUNGAMATI, kijiji cha wachonga mbao. Saa mbili asubuhi, jua limefika nusu ya ua. Heramaya Shilpakar amepiga magoti kwenye matofali, kipande cha nyama kavu ya nyati kikiwa kiganjani. Mbele yake kuna kizimba cha mbao kisicho na mlango. Hatua mbili nyuma yake amesimama mbwa mchanga wa rangi ya kahawia, masikio yamelala. Anaitazama nyama. Anakitazama kizimba. Anaitazama tena nyama.

Jina lake Khaire. Ana miezi sita. Haingii.

Heramaya anaitupa nyama ndani, karibu na kizingiti. Khaire ananyoosha shingo mpaka mwisho wake, anaidokoa kwa ncha ya meno, kisha anaruka nyuma kama aliyeungua.

"Dada Hera!" Jirani yake, Sanumaiya, anachungulia kutoka dirisha la ghorofani, mikono imejaa majani ya haradali anayoyachambua. "Leo kaingia, au bado mnaombana kura?"

"Ameingiza pua."

"Pua! Basi ikatieni tiketi hiyo pua, iende Kanada yenyewe."

Heramaya hacheki. Zimebaki siku kumi na tisa.

Zikiisha, Mwalimu Tirtha Narayan Dangol, mwenye mbwa, mjane wa miaka sabini na mmoja kutoka Khokana, atapanda ndege kwenda kuishi kwa binti yake Toronto. Khaire akikaa kizimbani kwa utulivu, watasafiri wote wawili. Akikataa, atabaki. Wakala wa kusafirisha wanyama amekipima kizimba, ameagiza wavu wa chuma uongezwe, na amesema waziwazi kwamba mbwa anayejigonga na kujiumiza ndani hatampokea.

"Na kama anakataa, ni mimi niliyemfundisha kukataa," anasema Heramaya.

Ana miaka hamsini na minne. Hakuwahi kupanga kufundisha mbwa. Mumewe, Astaman, alikuwa mchonga madirisha, kama baba yake na babu yake. Miaka sita iliyopita mteja mmoja kutoka mjini alimwomba amtengenezee kizimba cha mbwa wake mdogo, asitafune viatu wakati wenyewe wako kazini. Astaman alikitengeneza, lakini mkono wake haukuweza kuacha ubao mtupu. Akachonga ubavuni kidirisha cha nakshi, kama cha hekaluni, cha ukubwa wa sahani.

Wengine wakakiona, wakaagiza. Kisha wakaanza kurudi na malalamiko: kizimba kizuri, mbwa hataki kukaa.

"Mume wangu aliwaambia, leteni na mbwa. Yeye hakuwa na nafasi, ana patasi mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, basi nikawa mwalimu."

Alitoza rupia mia tano kwa siku. Mwezi mzuri ulimletea elfu thelathini hivi, ukitoa nyama na dawa. Tangu yaliyompata Khaire hajapokea mbwa mwingine. Anafuma kofia za sufu, na kwa mwezi hafikishi hata theluthi ya pato la zamani.

Njia yake aliijenga mwenyewe, kwa kutazama.

"Kizimba si jela, mwanangu. Ni chumba chake. Siku za mwanzo mlango haufungwi kabisa. Anakula humo, anachezea humo, akitaka kutoka anatoka. Ukianza kufunga, unahesabu pumzi kumi, unafungua. Kesho ishirini. Kesho kutwa unaenda jikoni, unarudi."

Na alikuwa na sheria moja aliyoifundisha kila mteja, akiwainulia kidole: mbwa akilia, usifungue. Ngoja anyamaze, hata kidogo, ndipo ufungue. Ukimfungulia akiwa analia, umemfundisha kulia.

Sheria hiyo ilimfaa kwa mbwa zaidi ya mia moja.

Astaman alifariki kwa ugonjwa wa kifua, majira ya baridi ya mwaka juzi. Ndugu walipokuja kukusanya vitu vya marehemu vipelekwe kwenye jiwe la njia panda, ambako kwa mila huachwa vitu vya wafu, Heramaya aliwapa kila kitu: koti, kofia, viatu, mto. Mfarishi wake wa pamba, aliojifunika kwa miaka ishirini, hakuutoa.

"Waliuliza uko wapi. Nikasema panya wameutafuna, nimeuchoma. Nilidanganya mbele ya shemeji zangu, machozi yakinitoka. Ulikuwa na harufu ya vumbi la mbao na sigara zake. Ningewapaje?"

Aliukunja akauficha chumba cha chini, juu ya majani makavu, mahali ambapo ndugu hawaingii. Paka wa mtaa huingia. Huzalia humo kila msimu wa mvua.

Khaire aliletwa mwezi wa Bhadra, kati ya Agosti na Septemba, akiwa na wiki kumi, mvua ikinyesha bila kukata. Mwalimu alikuwa anakwenda kupasuliwa mtoto wa jicho, akaomba wiki tatu. Safari ya Kanada ilikuwa imeshazungumzwa, akataka mbwa azoee kizimba mapema.

Siku ya kwanza Khaire aliingia mwenyewe, akala, akachomoza pua kwenye kidirisha cha nakshi. Heramaya anakumbuka alivyocheka. Sakafu ilikuwa baridi, na mtoto alikuwa mdogo. Akashuka chini, akauchukua mfarishi, akaukunja mara nne, akamtandikia.

"Nilijiambia, kitu cha mtu mwema kitamtuliza."

Siku ya pili Khaire akaanza kulia. Alilia na kujikuna, akajigeuza kujing'ata chini ya mkia mpaka manyoya yakatoka kwa mafungu. Heramaya alichemsha mafuta ya haradali ya Khokana kwa manjano, akampaka tumboni na mgongoni. Sanumaiya akashauri mafuta ya taa, kama walivyofanya watu zamani. Heramaya akamfukuza uani.

"Nilimwambia, unataka kumchubua mtoto wa mtu? Mafuta ya taa ni sumu, nilijua. Nilijua mambo mengi. La ndani ya nyumba yangu ndilo sikulijua."

Kila alipomaliza kumpaka, alimrudisha kizimbani, juu ya mfarishi, akafunga mlango mapema kuliko desturi yake, mafuta yasisambae nyumbani. Khaire akalia. Heramaya akakaa ngazini akihesabu, viganja vikiwa masikioni, akishika sheria yake.

Siku ya nne mbwa akanyamaza.

"Nilifurahi! Nikampigia Mwalimu hospitalini. Nikamwambia, mwanafunzi wako amefaulu." Anayasema haya huku akiutazama ufumaji wake. Anafumua safu nzima ya sufu, kisha anaanza upya.

Siku ya tano alimnyanyua ampe chakula. Shingo ilikuwa inalegea. Alipofunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Daktari wa mifugo aliyempokea mjini, Prativa Rai, bado analikumbuka tukio hilo. Alichana manyoya ya mgongoni kwa kitana chembamba, punje nyeusi zikaanguka juu ya pamba iliyolowa maji. Baada ya muda mfupi kila punje ikajizungushia duara jekundu.

"Nilimwambia, mama, huu si uchafu. Ni damu yake mwenyewe, imepita tumboni mwa kiroboto," anasimulia daktari. "Mtoto wa umri ule hana damu ya kugawa. Nikamuuliza, analala juu ya nini? Akasema kitambaa. Kitambaa gani, kilifuliwa lini? Hapo akafunika uso."

Viroboto wanaoonekana mwilini ni wachache, anasema daktari. Mayai hudondoka pale mnyama anapolala, yakaanguliwa humohumo, kwenye matandiko na nyufa za mbao. Bila kufua kwa maji ya moto, kufagia kila pembe na kutumia dawa inayolingana na umri na uzito wa mbwa, kupaka mafuta ni kujisumbua.

"Na kwamba amenyamaza? Nilimwambia ukweli, maana alikuwa ananiuliza kwa matumaini. Hakunyamaza kwa kuzoea, mama. Alinyamaza kwa kuishiwa nguvu."

Khaire alilazwa siku nne, sindano ya maji mguuni. Alirudi nusu ya mgongo ikiwa haina nywele. Sasa hutiwa matone ya dawa shingoni kila mwezi, na manyoya yameota, isipokuwa kipande kidogo juu ya mkia ambako ngozi imebaki ngumu na ya kijivu. Hajikuni tena. Lakini hata kishindo cha komeo la mlango wa jikoni kinampeleka chini ya ngazi akitetemeka.

Siku alipotoka kwa daktari, Heramaya aliutia mfarishi kwenye gunia, akalifunga kwa waya, akalitupa kwenye gari la taka lililokuwa linapita. Alichemsha masufuria sita ya maji, akakimwagia kizimba. Kidirisha cha nakshi kikapasuka katikati.

Anavuta pumzi ndefu. "Kama ningeutoa siku ile pamoja na nguo zake, ungeondoka kwa heshima, mahali pake. Nilikataa kumpeleka mume wangu njia panda, nikaja kumtupa na maganda ya viazi. Na katikati hapo nikamuumiza mtoto asiye na kosa. Aliniita siku mbili. Nilimsikia vizuri sana."

Mwalimu hakuambiwa habari za mfarishi. Aliambiwa ni viroboto wa msimu wa mvua. Alisamehe palepale, akasema mvua haina wa kushtakiwa. Heramaya alimrudishia ada yote, naye Mwalimu akamtumia chupa ya mafuta ya haradali kama shukrani. Chupa hiyo ipo dirishani, haijafunguliwa.

Alipoomba nafasi ya kujaribu tena, alianza upya kabisa. Alikitoa stoo kizimba cha mwisho alichokiacha Astaman, ambacho hakijatumika. Akaung'oa mlango. Akamwomba Mwalimu kitambaa chenye harufu yake, asikifue.

Wiki iliyopita mzee alifika mwenyewe na shali yake ya kijivu, kaikunja kama daftari. Heramaya alishindwa kuipokea. Akakaa chini kwenye matofali, akamwambia yote: jiwe la njia panda, uongo kwa shemeji, chumba cha chini, paka, kimya cha siku ya nne.

Sanumaiya, ambaye dirisha lake halifungwi, anasema Mwalimu alikaa muda mrefu akimkuna Khaire nyuma ya sikio.

"Ulipaswa kuniambia, Hera," akasema mwishowe.

"Nilipaswa, Mwalimu."

"Nilikuwa nimelala hospitalini na bandeji jichoni, nawasimulia wauguzi jinsi mbwa wangu alivyofaulu."

"Najua, Mwalimu."

Mzee akamwachia mbwa. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa miwani ya kike, mguu mmoja umefungwa uzi. "Ya mama Sulochana, marehemu mke wangu. Niliwaambia ndugu imepotea, isiende njia panda. Miaka mitano sasa."

Heramaya aliugusa ule uzi kwa ncha ya kidole.

"Tofauti yetu," akasema mzee, akiirudisha mfukoni, "miwani haifugi viroboto."

Hakusema amesamehe. Alimwekea shali magotini, akaondoka.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Heramaya huipitia shali hiyo mshono kwa mshono kwa kitana chembamba, juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Leo zimeanguka punje tatu. Anasubiri, uso umeinamia karatasi. Punje zinabaki na rangi yake. Ni vumbi. Ndipo anaikunja shali na kuitandika ndani ya kizimba.

Siku zikiisha na Khaire bado anakataa, amejitolea kubaki naye amtunze maisha yake yote. "Ningempenda, tena sana," anasema. "Lakini hiyo isingekuwa haki. Mzee ameshazika mke. Nisimzidishie."

Saa saba mchana jua linaingia ndani ya kizimba mpaka ukutani. Khaire anainuka kivulini. Anasogea, anasimama, anasogea. Kichwa kinaingia. Mguu wa mbele unaingia, kisha wa pili. Analaza kidevu juu ya shali, miguu ya nyuma ikiwa bado nje kwenye matofali, tayari kukimbia.

Dirishani, Sanumaiya anafungua mdomo. Heramaya anamwinulia kidole kilekile alichokuwa akiwainulia wateja. Mdomo unafungwa.

Mlango wa kizimba uko chini ya kitanda chake. Bawaba zake mbili za shaba, alizozifua Astaman, ziko mfukoni mwa aproni, na zinagongana kila anapoinama. Mpango wake ni kuuweka mlango siku Khaire atakapoingiza miguu yote minne na kusinzia humo mwenyewe, aufunge kwa pumzi kumi, aufungue, kesho ishirini. Na akilia, atafungua.

"Sheria yangu nimeiacha," anasema kwa sauti ya chini, asimshtue. "Akilia nitakwenda kwanza kumuuliza analia nini. Nataka siku ile uwanja wa ndege anyamaze kwa sababu ametulia. Si kwa sababu amechoka kuniita."

Anatia mkono mfukoni, anazishika bawaba zisigongane.