Bomba Lililoletwa kwa Wembe

Watu wa sinema walipofika kijijini kwetu, upande wa Kang'ata, walishuka na kamera mbili. Sisi hatukuwa na kisima hata kimoja. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Tulihamishiwa pale tukaambiwa maji yanakuja. Tukajenga, tukalima shamba la kijiji, tukaanza kisomo cha ngumbaro jioni kwa taa ya kandili, na maji hayajaja. Tulichota dimbwi la mbali, tunagombania na ng'ombe, maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wangu wa mwisho aliharisha masika nzima. Nilikuwa namwomba Mungu huku namchemshia maji yaleyale yaliyomwangusha.

Mwenyekiti wetu alikuwa na shida yake nyingine. Alishawaambia wakubwa wa wilaya kwamba maji yamefika. Kwa nini alisema hivyo, muulizeni mwenyewe. Mimi nadhani alipigiwa makofi siku moja akayanogewa. Sasa wilayani ilikuwepo mashine moja ya kuchimba visima, na mkubwa mmoja alikuwa aje atazame hiyo sinema pamoja nasi, halafu aamue mashine iende wapi. Kijiji chenye maji hakipelekewi mashine. Hata ambaye hajagusa ngumbaro anaelewa hapo.

Siku ya kupiga picha, kamera moja ilisimamishwa kwenye miguu mitatu mbele ya Mwenyekiti. Alivaa shati jipya, akashika jembe kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe. Kamera ya pili aliibeba begani fundi mwenyewe wa sinema, mwanamume mwenye nywele nyingi na suruali ya bugaluu inayofagia njia. Huyo alitufuata sisi wanawake kwenda na kurudi dimbwini.

"Akina mama, msiangalie huku! Fanyeni kama sipo!"

"Laiti ingekuwa hivyo," mwenzangu akamjibu, na ndoo kichwani.

Wiki zikapita, nikaitwa Korogwe. Filamu ilikuwa imeshasafishwa, sasa inaunganishwa, na kumbe kwenye tepu ya sauti wanawake walikuwa wanaongea Kizigua, fundi haambulii neno. Mwenyekiti akanichagua mimi kwa kuwa nimemaliza ngumbaro na, kwa maneno yake, ni mpole. Sijui alimuuliza nani.

Nilifikia kwa dada yangu, anaishi Korogwe mjini, tukaenda wote. Fundi alikuwa kwenye chumba cha uani, madirisha kayaziba kwa blanketi. Nikamwambia mlango ubaki wazi.

"Mama, mwanga utaharibu picha."

"Basi iharibike. Mimi mke wa mtu, sikai gizani na mwanamume."

Tukapatana: dada akakaa mlangoni na ukili wake anasuka, nusu ya mlango kaiziba kwa kanga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya meza kulikuwa na mkanda wa kamera ya kwanza, mkanda wa kamera ya pili, na tepu ya sauti, vyote vinapita kwa pamoja kwenye kioo kidogo. Kamera ya kwanza waliigongea kibao mwanzoni, kwa hiyo ukiona kibao kinafumba na ukisikia pa!, sauti na picha zimekutana. Ya pili fundi alisahau kuigongea. Ndiyo maana alinihitaji: nimwambie neno gani linasemwa, atafute midomo inayolitamka. Kisha anakata kwa wembe, anaunga kwa utepe wa gundi. Mwenyekiti kidogo, sisi kidogo, Mwenyekiti tena.

"Hapa huyu anasema nini?"

"Anauliza hilo tumbo la Mwenyekiti limelimwa lini."

Akakohoa. "Na huyu wa nyuma?"

"Anamwambia halijalimwa, limepaliliwa tu."

Dada akaangusha ukili kwa kucheka. Fundi akavikata vipande vyote viwili, akavitupa kwenye kikapu. Maneno ya kweli ya siku ile yaliishia kwenye kikapu kile, nami niliyaona yakienda.

Halafu akaleta mkanda mwingine. Nikaona mlima, migomba, na bomba linamwaga maji meupe mpaka yanaruka.

"Hapa ni wapi?"

"Vugiri. Tulipanda mlima huo juzi juzi. Maji mazuri, eh?"

"Nayaona. Huku kwetu yanatafuta nini?"

"Ndiyo bomba lenu." Wala hakuona haya. "Mwenyekiti wenu kasema maji yako njiani. Sisi tumeyatangulia kidogo tu."

Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, huo ni uongo. Mkubwa akiuona, mashine haiji kwetu, na watoto wetu wanaendelea kunywa tope."

"Mama, kazi yako ni kutafsiri wanayosema. Mambo ya picha niachie mimi. Nimeyasomea."

"Umesomea kuleta maji kwa wembe?"

Dada akaropoka kutoka mlangoni, "Akitoka hapo aje na kwangu, bomba letu limekauka tangu Ijumaa!"

Fundi hakucheka. Nikaenda kuswali Adhuhuri. Niliporudi alikuwa anatafuta kipande cha kutangulia lile bomba, wanawake wanakwenda kuchota. Akachagua. "Tazameni uzuri huu! Mstari mmoja, majani yanacheza na upepo juu ya ndoo." Akaunga: sisi tunatembea, bomba la Vugiri linamwaga, Mwenyekiti anatabasamu.

Dada alinitazama, mdomo wazi. Mwanamke yeyote wa kwetu angefungua mdomo vilevile. Majani huwekwa kwenye ndoo iliyojaa, maji yasiruke njiani. Ndoo tupu ya kuwekea majani ya nini? Wale wanawake walikuwa wanatoka dimbwini, na aliyewapiga picha ni yeye mwenyewe, alitembea nao njia nzima, hakuuliza. Nikamkazia dada macho, akafunga mdomo. Uongo nilishamkataza mbele ya shahidi. Kumpambia uongo wake ukae sawa, hilo hakuna aliyenituma, wala mja wala Mola.

Sinema ikaja na gari lake, shuka jeupe likatundikwa ukutani, tukakaa baada ya Isha. Mkubwa wa wilaya alikaa kiti cha mbele, Mwenyekiti pembeni yake na shati lilelile. Mkanda ukaanza. Jembe, tabasamu, shamba. Mimi nilikuwa na tasbihi mkononi, na sikudanganyi, nilikuwa naomba wenzangu wasiwe wamelala.

Ndoo zikatokea na majani yake. Bomba likamwaga.

Kwanza kicheko kimoja nyuma. Kisha wanawake wote.

"Wanacheka nini?" mkubwa akauliza.

"Ni furaha ya maji, ndugu," Mwenyekiti akasema.

Bibi mmoja jirani yangu, hana jino hata moja, akapaza sauti, "Mwanangu, hao ndoo zimeshajaa! Bomba lenyewe ndilo lina kiu, wanalipelekea maji!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mkubwa hakucheka. Akamgeukia Mwenyekiti. "Bomba hili liko wapi?"

Yule mwenye midomo ya kuhutubia toka asubuhi mpaka Magharibi akainama kufunga kamba za viatu. Nikainuka, nikachota bilauri kwenye mtungi wangu, nikampelekea mgeni kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee. Karibu maji ya kijiji."

Akaiinua kwenye ule mwanga wa mashine ya sinema. Kivuli cha bilauri kikatua kwenye shuka, kizito, juu ya bomba la Vugiri linalomwaga. Akanirudishia bila kunywa. Sikumlaumu.

Mashine ilikuja kabla ya masika. Fundi naye akarudi na kamera zake mbili kuyapiga picha maji ya kweli. Safari hii aligonga kibao mara mbili. Aliponiona kisimani, mtoto wangu mgongoni, akasogea kwa sauti ya chini.

"Mama, yale majani. Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia nitafsiri wanayosema," nikamjibu. "Majani hayakusema kitu."