Saa Tatu Iliyofika Saa Tisa

Alipochaguliwa kuongoza chuo kikuu, watu wa idara ya maji hawakusema wamepoteza mhandisi. Walisema, "Mama Bomba katuacha," na jina likamfuata mpaka chuoni.

Alikuwa binti wa fundi cherehani. Alisoma uhandisi katika darasa lenye wanawake wawili tu, kisha akakaa miaka kumi na tisa akilaza mabomba chini ya barabara za mji. Bomba likipasuka hakutuma mtu kwanza. Alivaa buti akashuka mtaroni mwenyewe. Na ripoti zake zilianza na mtu, si na chombo: "Mimi niliagiza vali ifungwe mapema." "Fundi wangu hakukaza nati." Mafundi walinung'unika, lakini kazi waliijua. Jioni alikwenda kufundisha chuoni, akapanda akawa mkuu wa kitivo, mwisho akakabidhiwa chuo kizima kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Ulipobaki mwezi mmoja baraza la chuo limthibitishe, yakamfika yake.

Pale chuoni ratiba za mitihani ziliandikwa kama mishale ya saa inavyoonyesha: saa tatu asubuhi iliandikwa 9:00, na wanafunzi walishazoea kugeuza kichwani. Mama Bomba hakuupenda mtindo huo. Kule kwenye maji, saa iliyoandikwa ndiyo iliyotamkwa. Basi akaichukua ratiba ya mwaka wa mwisho wa uhandisi, akaisahihisha kwa kalamu yake: "3:00." Akatia sahihi. Hakuandika asubuhi wala alasiri. Kwake yeye tatu ilikuwa tatu.

Siku ikafika. Wanafunzi sitini walifika asubuhi wakafanya mtihani. Ishirini na sita walikuja saa tisa alasiri, penseli zimechongwa vizuri, wakamkuta msimamizi anafunga mlango.

"Mtihani gani tena, wanangu?" aliwauliza. "Wenzenu wameshakula, wamelala, wameamka."

Kanuni ya chuo haikuwa na huruma: asiyetokea anarudia mwaka, isipokuwa ofisi ikiri kwamba kosa ni la ofisi.

Msajili wa chuo, mzee mpole aliyekwisha kuona wakuu watano wakija na kuondoka, alimfuata ofisini na karatasi moja. "Mama, nimeshaandika. Wewe tia sahihi tu."

Akasoma: hitilafu ya mtambo wa kuchapia.

"Mtambo upi ulioharibika, mzee wangu?"

"Mtambo hausemi, Mama. Huo ndio uzuri wake."

"Na binti anayeuendesha? Naye hasemi?"

Msajili aligeukia dirishani. "Atapewa onyo dogo. Baada ya miezi mitatu nani atakumbuka? Lakini lako wewe litakumbukwa. Mwenyekiti wa baraza anatafuta pa kukushikia. Ukimpa mpini, ujue utakayebaki na makali ni wewe."

"Nimekusikia, mzee. Niachie karatasi."

Nyumbani mumewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alisikiliza mpaka mwisho. "Mke wangu, kiti umekihangaikia mwaka mzima. Leo unakikata miguu mwenyewe?"

"Na wale watoto wamehangaika miaka minne."

"Ungeandika 'asubuhi' tu."

"Ningeandika."

"Neno moja."

"Mume wangu, unanisaidia au unasahihisha madaftari?"

Mumewe akacheka, akamsogezea chai. Mama Bomba aliichana karatasi ya msajili, akaandika yake, mistari minne.

Kwenye kikao cha seneti aliisoma amesimama. "Mimi niliandika saa tatu bila kusema asubuhi. Mchapaji alichapa nilichoandika. Wanafunzi walisoma jinsi chuo hiki kilivyowazoeza kusoma. Naomba watungiwe mtihani mwingine."

Mhadhiri mmoja, ambaye naye alikitaka kile kiti, akanyoosha mkono. "Mbona sitini walielewa?"

"Nimewauliza. Wengi walikwenda kwa msimamizi kuhakikisha, na nawasifu. Lakini somo lilikuwa nguvu za vyuma, mwalimu. Halikuwa kubahatisha mkuu wa chuo ana maana gani."

Watu wakacheka, hata yule mhadhiri akashindwa kujizuia. Mikono ilipohesabiwa, ombi la mtihani lilipita kwa tofauti ya kura tatu. Msajili aliandika sababu kwenye kitabu cha kikao kama ilivyosomwa, polepole, akapuliza wino ukauke.

Mwezi uliofuata baraza likakaa, na mwenyekiti hakuacha mpini ulale. Barua ilisema Mama Bomba hajathibitishwa, majaribio yataendelea mwaka mwingine, kwa sababu ya "uzembe aliokiri mwenyewe." Barua ilimfikia asubuhi ya ule mtihani wa pili. Akaisoma mara moja, akaiweka kwenye faili lake, akashuka ngazi kwenda ukumbini.

Wote ishirini na sita walikuwa wameshapanga foleni, na bado nusu saa. Aliwafungulia mlango, akavuta kiti mbele, akakaa nao mpaka karatasi ya mwisho ikakusanywa.

Matokeo yalipotoka, ishirini na wawili walikuwa wamefaulu. Wanne wakaanguka. Hao wanne walikwenda ofisini kwake kuomba awafikirie tena, na Mama Bomba akawakaribisha viti, akawapa chai, akawaambia warudie mwaka.

"Lile la kwanza lilikuwa kosa langu," aliwaambia. "Hili ni lenu, wanangu. Tuanzie swali la pili. Hapa mlikosea wapi?"