Sketi ya Golikipa

Mpira tuliuanza kwa ubishi. Wavulana wa soko la Arua, mji wetu wa karibu na mpaka wa Kongo, walisema mwanamke hawezi kupiga mpira ukaenda mbele, nasi wasichana wauza vitunguu na samaki wakavu tukasema haya, tutaona. Kila jioni tukishafunga meza zetu tulicheza nyuma ya soko, na watu walikuja kutucheka. Mama yangu alicheka kwanza, kisha akanuna. Aliniuliza nani atamwoa golikipa. Nilimjibu kwamba hata wasiodaka kitu wapo tele nyumbani kwa baba zao.

Kocha wetu alikuwa fundi cherehani aliyetoka Kongo, mtu mpole, hata uwanjani alivaa utepe wa kupimia shingoni. Miaka hiyo serikali ya wanajeshi ilikuwa imepiga marufuku sketi fupi, kisha kaptura na suruali kwa wanawake. Ukionekana magoti barabarani, wanajeshi walikupakia garini, na kwenu wakabaki kuulizana. Wenzangu walikimbia na sketi ndefu, wakavumilia. Lakini golikipa huruka, na akianguka nguo humpanda. Basi fundi akanishonea sketi ya kitambaa cha amerikani iliyofika kwenye vifundo vya miguu, akapitisha kamba ya katani ndani ya upindo na kuikaza, kama mtu anavyofunga mdomo wa gunia.

"Mutu anaruka, nguo inabaki chini," aliniambia.

Kutembea ndani yake ilikuwa taabu, nilijivuta kama kuku aliyefungwa miguu. Kuanguka kushoto na kulia, hapo sikuwa na mpinzani. Kabla ya kila mchezo fundi alichuchumaa akaifunga kamba mwenyewe.

Siku moja ya soko wanajeshi walimchukua mbele yetu. Mtu alikuwa amewapelekea maneno kwamba Mkongo yule anawafundisha wasichana kuonyesha miguu. Cherehani ilibaki na gauni la watu chini ya sindano. Tulisikia amepelekwa kambi ya jeshi ya Koboko, kisha hatukusikia tena, mpaka lori la jeshi lilipokuja sokoni kutuchukua sisi. Ofisa wa huko alitaka tucheze na wake wa askari wake. Hakuna aliyesema hataki. Njia nzima nilibana mkojo na kumwomba Mungu gari liharibike.

Halikuharibika. Ofisa alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya uwanja, na fundi wetu amekaa chini mbele yake, hana viatu, jicho moja limevimba hata halifunguki. Utepe wake haukuwapo.

"Mimi napenda mupira," ofisa alituambia. "Lakini sheria iko. Kama goti moja naonekana, hii fundi nabaki kwangu."

Askari wakacheka. Sisi tulijua watu waliokwisha kubaki, wasirudi tena.

Ikabidi nijifunge kamba mwenyewe. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baadaye. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena, na fundi akanitazama kwa jicho lake moja bila kuruhusiwa kusema neno.

Mchezo wenyewe haukuwa mchezo. Kila mtu alisukuma mpira kama anayefagia ua, hakuna wa kunyanyua mguu. Wake wa askari nao waliogopa, niliwaona wakishika nguo zao kwa mkono mmoja. Tungeenda hivyo hivyo mpaka mwisho, kama mpira usingempiga mwenzetu mmoja mkononi karibu na goli. Refa akapuliza. Penalti.

Aliyekuja kuipiga alikuwa mke wa ofisa. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kanga juu ya gauni. Aliweka mpira chini, akamtazama mumewe kwanza, na mimi nikajua anaogopa kuikosa kama ninavyoogopa kuruka. Nikaamua kusimama kama mti wa goli. Nifungwe, yaishe, fundi arudi nyumbani.

Akapiga. Mpira ukaja kushoto, na mwili wangu haukuniuliza. Niliruka, nikaudaka kifuani, na nilipokuwa bado hewani nilisikia kamba ikilegea. Nilianguka ndani ya vumbi jekundu, sketi ikiwa mapajani na magoti yangu yote mawili nje.

Yule mwanamke alikuwa ameufuata mpira wake mbio. Alisimama juu yangu, mgongo kwa mumewe, akazipanua kanga zake kama anayejifunga upya. Nilivuta sketi chini. Kamba ilibaki mchangani, ndefu, kila mtu anaiona.

Ofisa akainuka. Alimuuliza refa, refa akasema yeye alikuwa anatazama mpira. Akaja mpaka golini, akaigusa kamba kwa ncha ya buti.

"Wewe ilikuwa karibu," alimwambia mkewe. "Magoti yake naonekana?"

"Hapana, Mzee. Mimi naona vumbi tu."

"Vumbi?"

"Vumbi tu, Mzee."

Nilikumbatia mpira nikiwa bado chini. Ofisa alimtazama mkewe, kisha kamba, kisha mkewe tena. Halafu akacheka, peke yake, muda mrefu.

"Haya. Chukua fundi yenu," akasema.

Tulimpandisha kwenye lori kwa kumshika makwapa. Hakuna aliyeimba, ingawa tulikuwa hatujafungwa. Fundi aliomba kuiona kamba, akaipitisha vidoleni, akanirudishia. Lori lilipogeuka nilitazama nyuma. Mke wa ofisa alikuwa amesimama kando ya gari la mumewe, mikono ameikunja juu ya tumbo, anangoja kuambiwa apande.

Fundi tulirudi naye Arua. Yule mwanamke ndiye aliyebaki.