Mwanamke wa Kashebere Aliyekataa Kuonja

Ninyi vijana mutakaosoma maneno haya, wekeni simu chini kwanza. Nilifanya kazi ya polisi huku Masisi na Walikale tangu nikiwa binti mpaka magoti yakakataa kupanda milima. Nikisema "polisi" naona midomo yenu inavyopinda. Iache ipinde, kisha musome.

Siku ya kwanza nilifika Masisi asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya maharagwe, nimebeba viatu mukononi ili visiingie matope. Masomo yangu yalikomea darasa la tano. Mbele ya biro ya polisi alisimama Ajida, muntu mufupi mwenye sauti ya kengele, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha polisi wapya wote. Akaniangalia toka kichwa mpaka kwa vile viatu.

"Weye binti, unajua kusoma?"

"Kidogo, Ajida."

"Kidogo inatosha. Na kunyamaza?"

Sikujibu.

"Huyu anajua," akawaambia wengine, wakacheka. "Vaa viatu, mama. Polisi habebi viatu kama samaki."

Kila asubuhi tulipanga mistari mbele ya bendera. Hiyo ilikuwa rasambleman: unaitwa jina, unajibu, Ajida anakagua vifungo na kucha. Tenu yangu ya kwanza, yaani sare, ilishonewa mwanaume, nikakunja suruali mpaka ikawa kama matandiko kwenye vifundo vya miguu. Kapoti, lile koti zito la baridi, likilowa mvua lilinuka kondoo na moshi. Hata leo nikisikia harufu ya sufu iliyolowa, moyo unarudi Masisi peke yake, hauniulizi.

Ajida alitufundisha mambo ambayo sijaona tena yakifundishwa vizuri vile. Ukimukamata muntu, unamushika kiwiko. Ukimushika kola, watu watadhani amekwisha kuhukumiwa. Kabla ya kumuingiza mu kasho, yaani chumba cha kufungia, unamutoa mukaba na kamba za viatu asijinyonge. Na akiulizwa, unamuacha amalize maneno yake, hata kama ni uongo. Opeje, yule polisi mwenye mamlaka ya kuuliza na kuandika majibu kwa ajili ya hakimu tunayemuita majistra, alikuwa anatafuna kalamu huku muntu akisema uongo wake wote mpaka mwisho. "Uongo ni kama kasuku," Ajida alisema. "Ukimuacha aseme, ataita jina la mwenyewe."

Toka Masisi walinituma Nyabiondo, kisha Shasha kando ya ziwa, ambako Inspekta wetu alikuwa anapenda ndugala, wale samaki wadogo, kuliko sheria lakini hakupokea hata samaki mumoja wa bure, namupa heshima hiyo. Halafu wakanipandisha cheo, wakanipeleka Kashebere kuwa komanda wa posti. Komanda wa teritware, mukubwa wetu wote kule Walikale, aliniita mbele sijaenda.

"Mama, kule watakupima," alisema.

"Wanipime, Komanda."

"Hapana. Usiwape nafasi."

Kashebere niliipenda. Ni mahali ambapo Masisi inaishia na pori la Walikale linaanza, na barabara inapita katikati. Watu wa milima walileta maharagwe na fromaji, yaani jibini, watu wa pori walileta mawese na nyama ya moshi, na kila muntu alimwona mwenzake mujanja. Posti yangu ilikuwa nyumba ya mbao yenye polisi wachache, na kasho yake hata mbuzi aliyekasirika angeivunja. Nawaambia hilo ili musije mukauliza baadaye kwa nini sikumufungia muntu ndani na kulala zangu.

Sasa, kuna desturi ambayo ninyi munaoishi mu miji munaisahau. Ukimupa mugeni kinywaji, unakunywa wewe kwanza, mbele ya macho yake, halafu unamupatia. Kwetu watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Asiyeonja, anasema bila mudomo kwamba ametia kitu.

Mama Faida alikuwa mujane, na kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, ilisifiwa mpaka Nyabiondo. Sasa alikuwa ameingia mu kanisa moja linalokataza pombe, akabatizwa mu mutoni siku ya Mungu, na nyumbani mutungi ulikuwa umekwisha kuiva. Akasema atamwaga. Mbele hajamwaga, akafika shemeji yake, Papa Safari, ndugu mukubwa wa marehemu mume wake, kuongea mambo ya ndoa ya binti wa nyumba ile. Muzee kama huyo haumupatii maji. Mama Faida akamimina kasiksi, akamupa. Hakuonja. Papa Safari alikunywa kwa heshima ya ukoo, akarudi kwake, na kulipokucha walimukuta amekufa.

Nilipofika kwa Mama Faida, jua lilikuwa juu ya vichwa na lupango, ule uwanja wa nyumba yake, ulikuwa umejaa watu. Vijana walikuwa wamemukalisha chini, na mutungi ule ule umewekwa mbele yake. Mumoja wao alishika chupa ya mafuta ya pikipiki. Wote munajua ni ya nini.

Mutoto wa Papa Safari, kijana anaitwa Bahati, alisimama mbele yangu.

"Mama Komanda, tupatie huyu muntu. Baba iko bado mu nyumba, hatujamuzika."

"Pole kwa baba yako. Sikupatii."

"Basi akunywe yeye mwenyewe. Akikunywa na akabaki muzima, tunaenda kuzika. Hatuko wanyama."

"Akunywe," wakasema wote. Mama mumoja akaongeza toka nyuma: "Alikuwa anaonja mpaka analewa mbele ya wageni. Leo amekuwa malaika?"

Mama Faida akainua macho. "Sikunywi."

Kelele zilizotoka hapo sitaziandika. Niliinama karibu na sikio lake.

"Mama, kwa nini?"

"Niliapa ndani ya maji, mbele ya kanisa yote. Kitambaa nilichobatizwa nacho hakijakauka. Unataka nimudanganye Mungu?"

"Watakuchoma."

"Wanichome. Siendi kwake nikinuka pombe."

Nikaona huyu ni kichwa ngumu kuliko mimi, na walionishinda kwa hilo si wengi.

Sheria ilikuwa wazi kwangu. Kumupima muntu kwa kumunywesha kitu ni kosa, hata akiwa muchawi wa kweli. Na ule mutungi ulikuwa kitu cha kupelekwa kwa majistra, si cha kuguswa. Lakini nilikuwa na polisi wawili, mumoja wao ndugu wa mke wa Bahati, na kasho ya mbao. Ningepiga risasi juu, wangekimbia kidogo, wangerudi wengi. Musifikiri nilijua hakuna sumu. Sikujua. Nilichojua ni kwamba chupa ile ya mafuta ilikuwa imefunguliwa kifuniko.

Nikachukua kikombe, nikamimina, nikakunywa chote. Ilikuwa tamu, chachu kidogo, kama kasiksi yoyote nzuri.

Bahati akachungulia ndani ya kikombe, kikiwa tupu.

"Leteni kiti," nikasema. "Nikikufa, munafanya munachotaka. Nikiwa muzima mpaka jua lifike kwenye ile migomba, naondoka naye, na muntu asinifuate."

Wakaleta kiti, nikakaa kando ya Mama Faida. Alikuwa anaomba polepole, na katikati ya maombi akanigeukia.

"Nilitia ndizi nyingi," akasema. "Ni kali. Ungekunywa nusu."

"Unaniambia sasa?"

Watu walikuwa wananiangalia kama sufuria inayotaka kuchemka. Muzee mumoja akasogea. "Mama Komanda, hausikie kitu mu tumbo?"

"Nasikia."

Wote wakasimama.

"Nasikia njaa. Nani iko na bugali?"

Mama mumoja akacheka, akajiziba mudomo, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kutoka. Wakaniletea bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Nilikula polepole sana, na kila tonge nilimeza nikisikiliza tumbo langu kama munavyosikiliza muntu anayetembea nje ya nyumba. Jasho lilinitoka, nikasema ni pilipili. Huku nakula, watu wakaanza kukumbuka kazi zao. Kaburi lilikuwa halijachimbwa. Wazee wakawaita vijana, mumoja mumoja, wakaenda na majembe. Aliyeshika chupa akaifunga kifuniko, akaenda pia. Bahati ndiye alibaki wa mwisho. Alikaa chini, mugongo kwenye ukuta, akamulilia baba yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikamuacha alie. Jua lilipofika kwenye migomba, nilimushika Mama Faida kiwiko, tukatoka.

Nilimufikisha Walikale kwa pikipiki. Komanda wa teritware alikuwa amepata habari mbele yetu. Hakunisifu.

"Ungekufa, ningewaambia watoto wako nini?"

"Sijui, Komanda."

"Na kwa kuwa hukukufa, ni mbaya zaidi. Kesho kila kijiji watasema, komanda akunywe kwanza. Wewe umepona na kasiksi. Mwingine atapona na nini?"

Alikuwa na haki. Haikupita muda mrefu, kwenye posti nyingine watu walimuambia mwenzangu akunywe, akakataa kama sheria inavyosema, na muntu waliyemushitaki aliumizwa vibaya. Komanda aliniita, akaniambia habari hiyo, akafungua mulango nitoke. Nilitembea mpaka barabarani bila kuona njia. Lakini mukinirudisha leo kwenye ule lupango, na ile chupa iko wazi, nitakunywa tena. Sina namna ya kuyapatanisha mambo hayo mawili. Ninayabeba yote.

Majistra hakuona alama ya sumu. Muganga wa santere, ile zahanati yetu, alisema Papa Safari alikuwa na ugonjwa wa kifua na alikatazwa pombe. Mpaka leo sijui nini ilimuua. Mama Faida aliachiliwa, lakini kurudi Kashebere haikuwezekana, akaenda kwa binamu yake kule Shasha.

Nilipopewa retrete, yaani kustaafu, walinivika shada la maua, wakapiga saluti, nikarudisha tenu. Ninakaa Mweso sasa, na wana wangu, wakamwana, wajukuu, na ndugu waliokimbia vita toka upande huu na ule. Asubuhi naamka mapema bado, nasikiliza rasambleman ambayo haipo. Nakumbuka Ajida, nakumbuka moshi wa posti na wenzangu tukikausha makapoti kwenye moto mumoja. Ilikuwa kazi nzuri. Nawaambia hivyo hata kama hamutaki kusikia. Ila ina mahali inapoishia: polisi anaweza kumutoa muntu muzima mikononi mwa watu, hawezi kuwafanya watu wamuamini muntu huyo tena.

Hilo nililiona Shasha, vita ilipotulia na njia ikafunguka, nikaenda kumutazama Mama Faida. Habari za sumu zilimufuata mpaka kule. Nilimukuta anauza makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya barabara.

"Kwa nini makala, mama? Weye unajua kupika."

"Makala hailiwi," akasema.

Nikamuambia afunge vitu vyake. Tukafika Mweso pamoja. Kesho yake akapika maharagwe na ndizi, akaweka sahani mezani, akasimama pembeni. Hakuna muntu aliyenyosha mukono. Neema, mukamwana wangu mukubwa, akaangalia dirisha.

"Mama, tumeshiba na chai."

Mama Faida hakushangaa. Alichukua kijiko, akachota mu sufuria, akakiinua ili wote waone anaonja. Nikamushika mukono ule, nikakirudisha kijiko mezani, nikawageukia watu wa nyumba yangu.

"Toka leo jiko ni ya Mama Faida. Akipika, munakula, na asisikie muntu akimuambia aonje kwanza. Neema, leta sahani yako."