Nilimwambia fundi makabati kwamba hii siyo meza

Leo nimejiaibisha Keko, na aibu yenyewe bado haijanitoka.

Kompyuta ya steshenari yetu ilikuwa inachemka na kujizima, mteja akiwa katikati ya kuandikiwa barua. Nikasoma mtandaoni kwamba hitisinki, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kuipunguzia joto, ukiisugua kwa msasa mpaka ikawa bapa kabisa, inapoza vizuri zaidi.

Nikaenda kwa Mzee Sefu, jirani yetu anayetengeneza makabati, kuomba msasa.

Shikamoo nilitoa, tusisingiziane.

Akaniona nasugua nimeishika mkononi. "Mwanangu, utakula kingo, zilike kuliko katikati. Tandika msasa juu ya kioo."

Nikamjibu mbele ya mafundi wake: "Mzee, hii ni kompyuta. Siyo meza."

Akarudi kwenye kabati lake.

Nikarudi dukani, nikapaka pesti mpya, ile dawa nyeupe ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, nikafunga. Dakika kumi tu, ikazima. Kufungua, pesti imebanwa katikati peke yake, pembeni ipo kama nilivyoipaka. Nilikuwa nimetengeneza mgongo wa kijiko.

Chekeni, ruksa.

Nikarudi kwa mzee. Akatandika msasa juu ya kioo, akasugua taratibu, akasimamisha rula ya chuma juu yake. Hata mwanga haukupenya chini ya rula.

Kabla sijaomba radhi, akauliza: "Hiyo dawa nyeupe unaipakaje? Nielekeze, mie sijui."

Nikamwelekeza, macho chini.

Kompyuta haijazima tena.

Ila lile "sijui" lake, mie lilinishinda kulisema tangu asubuhi.