Mwalimu Zéphyrin na Jimbo la Cisplatina

Mwalimu Zéphyrin alizaliwa Burungu, katika shamba la kilimani ambalo baba yake alilizungushia minyaa. Vita vikamtupa kambini Buleusa, akawa anafundisha historia chini ya turubai. Watu walimsifu kwa utulivu wake. Utulivu gani! Mtu alikuwa amekufa ganzi, basi.

Kwao, mpaka ukigombewa, mtoto wa kwanza hukata tawi la mnyaa mbele ya majirani na kumtaja aliyeupanda. Asipofika yeye, hakuna wa kumsemea. Mdogo wake, Mbonigaba, alimpigia simu kumkumbusha hilo.

"Kaka, bakubwa ba bunduki, ba huku na ba kule, batagawanya kilima Alhamisi. Mama iko peke yake mu nyumba. Weye njo wa kwanza, kuya ukate tawi."

"Niko na masomo," akajibu Zéphyrin.

Njia ilikuwa wazi, na mwenye pikipiki alikuwa tayari kumpeleka. Hakwenda tu. Alitafuta hofu moyoni mwake, hasira, hata aibu, akakuta hamna kitu.

Alhamisi akaingia darasani kufundisha habari za Cisplatina. Aliipenda tangu ujanani, alipowaona askari wa Uruguay, wa Umoja wa Mataifa, kwenye barabara ya Goma wakifyonza maji ya majani kwa mrija wa chuma, na mmoja akamwambia kwamba nchi yao iliwahi kuwa jimbo la Brazili. Akaeleza: Brazili ililinyakua jimbo hilo, wakubwa wa Buenos Aires nao wakalitaka, wakapigana karibu miaka mitatu bila mshindi. Mwaka 1828 wakapatana kwamba lisiwe la yeyote kati yao.

Simu ikalia. Alikuwa Mbonigaba.

"Balisikilizana. Kilima itabaki pori kati yabo, hakuna muntu wa kulima. Mama banamufukuza leo. Aliuliza kama umefika."

"Sawa," akasema, akairudisha simu mfukoni. Alitaka kulia, machozi yakagoma.

Falone, mwanafunzi wa mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na benyewe ba ile jimbo? Balibauliza?"

Zéphyrin akamgeukia.

"Bale habakuitwa," akasema. "Miye niliitwa."

Falone akainamisha kichwa, akaandika yote mawili.