Grafu ya Ng'ombe wa Baba

Semina moja ya ofisi ilinifundisha kuchora grafu kwenye kompyuta, nikageuka kero. Nyumbani Bweri nilichora kila kitu: siku za kukatika umeme, siku za sato na siku za dagaa, hata rangi za mashati ya mume wangu. Alinicheka mpaka akachoka.

Kisha nikawahamia ng'ombe wa baba. Baba anafuga kijijini Buswahili, na kila Jumapili baada ya misa hunipigia simu. Kwetu kuhesabu ng'ombe kwa namba ni kuwaitia mkosi, kwa hiyo baba huwataja kwa rangi, kwa mpangilio walivyoingia zizini: mweusi wa paji jeupe, mwekundu, na wengine, mpaka wa madoa na yule wa kijivu aliyekuja mwisho, na mahari yangu. Kila ng'ombe nilimpa mstari, na kila Jumapili akitajwa, namjazia kisanduku cha rangi yake. Ilipendeza, nikaibandika ukutani.

Baada ya miezi michache visanduku vya chini vikaanza kubaki vitupu. Wa kijivu hakutajwa. Jumapili nyingine, na wa madoa naye kimya.

"Baba, ng'ombe wote wapo?"

"Wapo wote, mwanangu. Mimi nilishakuficha lini? Sifichagi kitu."

Sikumwamini. Niliona wezi tu, na mzee anayeona aibu kusema. Jumamosi nilibandua karatasi yangu, nikapanda gari la Butiama na bodaboda mpaka kwa baba.

Ng'ombe walirudi jioni, nami nikasimama mlangoni pa zizi na karatasi mkononi. Wakapita wote. Wa madoa huyu hapa, wa kijivu huyu hapa, amenenepa kweli. Nilicheka kwa furaha.

"Baba, huyu wa kijivu bado mkorofi?"

Baba alimtazama kwa muda mrefu. "Huyo? Huyo atakuwa wa jirani."

Mama alikuwa nyuma yake. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupepeta mtama.

Nikaitazama upya karatasi, na safari hii niliogopa. Utupu ulikuwa umeanza chini kabisa, kwa wa mwisho kuja, ukipanda mstari kwa mstari.

Kabla ya kula, baba aliwaombea watoto wake kama alivyofanya siku zote, mmoja mmoja kwa jina, kuanzia wa kwanza. Mimi ni kitinda mimba. Nilifumba macho, nikasubiri jina langu.